Kiingereza cha Mtihani

Mwaka 1913 watu watatu waliketi kufanya mtihani wa Kiingereza ambao Chuo Kikuu cha Cambridge kiliutunga kwa ajili ya wageni. Ulichukua jumla ya saa 12. Wote watatu walifeli.

Hebu tuuangalie mtihani wenyewe, maana leo hakuna ambaye angeuvumilia. Tafsiri ya Kiingereza kwenda Kifaransa au Kijerumani, saa 2. Tafsiri ya kurudi kwenye Kiingereza, pamoja na maswali ya sarufi, saa 2 na nusu. Insha, saa 2. Fasihi ya Kiingereza, saa 3. Elimu ya matamshi, yaani kuandika sauti za maneno kwa alama maalumu, saa 1 na nusu. Halafu imla nusu saa, na mwisho nusu saa ya kusoma kwa sauti na kuzungumza na mtahini. Ukimaliza hapo, kama bado una pumzi, unakwenda kusubiri majibu kwamba umefeli.

Walengwa walikuwa watu waliotaka kufundisha Kiingereza nje ya Uingereza, wakahitaji karatasi ya kuthibitisha kwamba wanakijua hadi kwenye mizizi. Waliotunga walikuwa wanamfikiria mwalimu wa Ulaya, ndiyo maana walichukulia kwamba kila mtu ana Kifaransa au Kijerumani nyumbani kwake. Mtu wa Mombasa au Unguja aliyekulia kwenye Kiswahili na Kiarabu hakuwa na pa kuingilia. Kichekesho ni kwamba mwanafunzi wa shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga angalau angekuwa na lugha moja mkononi. Miaka ikapita, watahiniwa wakabaki wa kuhesabu kwa vidole. Mwishoni mwa miaka ya 1920 hawakuzidi 15 na mtihani ukakaribia kufutwa.

Nimeanzia mbali hivyo kwa sababu ya swali moja: watu wale watatu walijiandaaje? Hapakuwa na kitabu cha mbinu. Hapakuwa na mitihani ya miaka iliyopita, maana wao ndio walikuwa mwaka wa kwanza. Njia pekee ya kujiandaa ilikuwa kusoma Kiingereza chenyewe, kwa miaka, vitabu kwa vitabu. Leo mtihani wa aina hiyo unaojulikana zaidi duniani, IELTS, hufanywa mara zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na anayejiandaa anaweza kukaa miezi mitatu asisome hata hadithi moja ya Kiingereza. Anachosoma ni mtihani. Kati ya 1913 na leo kuna kitu kilibadilika, na sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya badiliko hilo kuliko tunavyodhani.

Kilichobadilika ni kazi ya mtihani. Nyuma ya ule wa 1913 hapakuwa na foleni. Haukumzuia mtu kupanda meli wala kupata kitanda cha kulala Liverpool. Lakini wazo la kutumia lugha kama lango lilikuwa limeshazaliwa kwingine, tena katika bara letu hili. Mwaka 1897 koloni la Natal lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyomtaka mgeni aandike maombi yake kwa lugha ya Ulaya. Sheria haikutaja Wahindi popote, na kila mtu alijua ni Wahindi wanaozuiwa. London ikaipenda hila hiyo. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, akawashauri wakubwa wa makoloni ya Australia waige: mnapata mnachotaka bila kutamka neno rangi.

Australia wakaiga mwaka 1901, wakaenda mbele zaidi. Ofisa bandarini aliruhusiwa kumsomea mgeni imla ya maneno 50 kwa lugha yoyote ya Ulaya, na mwenye kuchagua lugha ni ofisa. Baada ya 1909 hakuna aliyefaulu tena. Mwaka 1934 alifika mwandishi wa habari Egon Erwin Kisch kutoka Prague, mpinzani wa Wanazi, ambaye serikali haikumtaka. Tatizo lilikuwa kwamba Kisch alijua lugha nyingi. Basi wakamtafutia Kigaeli cha Uskochi. Kesi ilipofika Mahakama Kuu, majaji wakasema Kigaeli hakihesabiki kuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, Kisch akaponea hapo, na Waskochi wa Sydney wakakasirika kweli kweli kuambiwa hivyo kuhusu lugha ya babu zao. Imla hiyo ilifutwa mwaka 1958.

Ule ulikuwa mtihani usio na maandalizi. Huwezi kwenda tuisheni ya lugha ambayo ofisa ataichagua akishakuona uso. Wa 1913 ulidai maandalizi ya maisha. Tulio nao sasa umekaa katikati, na nadhani ndiyo maana unatuchanganya: una sura ya elimu na kazi ya bandarini.

Huku kwetu lango lilikuja na jina la Cambridge lenyewe. Wazee waliosoma sekondari kabla ya uhuru bado wanalitamka kwa heshima, “Cambridge School Certificate”, kama mtu anayetaja ukoo wake. Ukifeli Kiingereza katika mtihani ule, cheti kizima hupati, hata kama hesabu umezipasua. Ngugi wa Thiong'o amesimulia katika “Decolonising the Mind” habari za mwenzake wa darasa mwaka 1954, kwenye mtihani wa kutoka shule ya msingi. Kijana yule alipata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza. Akahesabiwa amefeli yote, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngugi mwenyewe, ambaye masomo mengine alipita kawaida tu lakini Kiingereza alikipata vizuri, akaenda Alliance. Nimesikia watu wakikitumia kisa hiki kama hoja ya siasa, na ni hoja ya siasa kweli. Mimi huwa kinanikalia kwa namna nyingine. Namfikiria utingo yule akiwa mlangoni mwa basi, akihesabu nauli haraka kuliko abiria yeyote.

Hapo ndipo maandalizi yalipozaliwa kwa sura tunayoijua. Mitihani ya miaka iliyopita ikawa mali. Watu wakakariri misemo ya kupamba insha, wakajua namna ya kufupisha habari ya maneno 300 ibaki 100, ustadi ambao sijawahi kuona mtu akiutumia sokoni wala ofisini. Tanzania ilipojitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971 na kuanzisha Baraza la Mitihani la Taifa mwaka 1973, jina la Cambridge liliondoka kwenye vyeti. Tabia ya kujiandaa ilibaki.

Nikae kidogo hapa kwenye jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katika miaka hiyohiyo ya ukoloni kulikuwa na mtihani wa lugha uliowatoa jasho Waingereza wenyewe, nao ulikuwa wa Kiswahili. Ofisa kijana aliyeletwa Tanganyika alitakiwa afaulu Kiswahili, ngazi ya chini kwanza na baadaye ya juu, la sivyo kuthibitishwa kazini kulikuwa na walakini. Walijiandaa kwa vitabu vya Askofu Steere, na baadaye kwa sarufi ya Bibi Ashton iliyotoka 1944, mezani kwenye taa ya mafuta, wakihangaika na ngeli. Tofauti ni hii: aliyefeli alijaribu tena huku anaendelea kutawala wilaya.

Sasa turudi kwenye Kiingereza. Baada ya vita kuu ya pili wanafunzi wa kigeni walimiminika Marekani, na vyuo vikataka njia ya haraka ya kuwachuja. Mtu wa kumtaja hapa ni Robert Lado wa Chuo Kikuu cha Michigan, mtoto wa wahamiaji wa Kihispania, ambaye mwaka 1961 alitoa kitabu kuhusu upimaji wa lugha. Wazo lake lilikuwa rahisi na la kuvutia. Chukua lugha ya mtu na Kiingereza, uziweke sambamba, utafute zinapotofautiana. Hapo ndipo mtu atajikwaa, na hapo ndipo umpime.

Kwa Mswahili, Lado angekuwa na kazi nyepesi. Sisi tuna “yeye” mmoja, awe mama au baba, hivyo hata mtu mwenye shahada mbili akichoka anamwita mama yake “he”. Hatuna “a” wala “the”. Tukisema “kitabu”, mazungumzo ndiyo yanayoonyesha kama ni kile unachokijua au ni chochote. Kwa upande mwingine tuna nyakati za vitenzi zilizojaa tele, hatubabaishwi na mtu kusema jambo lilishafanyika au lingalifanyika. Mtihani unaopima kwenye kujikwaa tu hauwezi kuyaona haya ya pili. Ndivyo ulivyokuwa TOEFL ulioanza 1964: maswali ya kuchagua jibu, sarufi, msamiati, kusikiliza, kusoma. Uandishi ulikuja kama nyongeza mwaka 1986. Kuzungumza kukawa sehemu ya lazima kwa kila mtu mwaka 2005. Yaani kwa miaka 40 mtu aliweza kuthibitishiwa Kiingereza bila kufungua mdomo.

Waingereza nao, kupitia British Council na Cambridge, walitoa mtihani wao mwaka 1980, ELTS, uliomtaka mwanafunzi afanye karatasi zinazokaribiana na fani yake: udaktari, teknolojia, sayansi ya jamii na kadhalika. Huo ndio mzazi wa IELTS ya mwaka 1989. Na katikati ya mzazi na mtoto kuna mtu ambaye historia yake inapita Dar es Salaam.

Anaitwa Clive Criper, wa Chuo Kikuu cha Edinburgh. Mwaka 1984 yeye na Bill Dodd waliandika ripoti kuhusu ufundishaji wa Kiingereza Tanzania na matumizi yake kama lugha ya kufundishia. Walipima wanafunzi wa shule na vyuo nchini. Walitumia aina ya mtihani ambao kila aliyesoma kwetu ameufanya bila kujua jina lake: unapewa kifungu cha habari, kila baada ya maneno kadhaa neno moja limefutwa, unajaza pengo. Matokeo yalikuwa mabaya hasa. Katika wanafunzi wa kidato cha nne, ni kama asilimia 10 tu walioonekana kufikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu ya kutumia Kiingereza ndiyo ianzie. Soma tena sentensi hiyo. Siyo kiwango cha kumaliza nacho sekondari. Kiwango cha kuanza nacho. Watoto walikuwa wamekaa miaka minne darasani wakifundishwa fizikia na historia kwa lugha ambayo wengi wao hawakuwa wamefika mahali pa kufundishwa kwayo.

Miaka miwili kabla ya hapo, Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilikuwa imependekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali ilikataa. Mwalimu Nyerere mwenyewe katika miaka ile alikitetea Kiingereza kwa kukiita Kiswahili cha dunia, na maneno yake yalikuwa na uzito wake. Basi ripoti ya Criper na Dodd ilipotoka na takwimu zake, mtu angedhani imewapa nguvu watu wa Makweta. Haikuwa hivyo. Pendekezo lao lilikuwa Kiingereza kibaki, na kiongezewe nguvu. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza kwa fedha za Uingereza, vikaletwa vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa kwa ngazi, na sharti la Kiingereza kuendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari likaenda pamoja na fedha hizo. Wasomi wetu, akina Casmir Rubagumya, Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, wameandika sana kuhusu ukinzani huo, na sina haja ya kurudia hoja zao.

Ninachotaka kuongeza ni kuhusu ule mtihani wa kujaza mapengo. Uliasisiwa mwaka 1953 na Mmarekani Wilson Taylor, na Taylor hakukusudia kuwapima watu. Alikuwa anapima maandishi. Alitaka kujua habari fulani inasomeka kiasi gani: ukifuta maneno na wasomaji wakashindwa kuyarudisha, basi maandishi hayo ni magumu kwa wasomaji hao. Baadaye kipimo kikageuzwa, lawama ikahamishwa kutoka kwenye karatasi kwenda kwa mtoto. Kama matokeo ya 1984 yangesomwa kwa jicho la Taylor, yangesema kwamba vitabu vya sekondari za Tanzania vimeandikwa kwa lugha isiyosomeka na wanaovisoma. Namba ni zilezile.

Na baada ya Tanzania, Criper alifanya nini? Pamoja na Alan Davies aliandika ripoti ya mwaka 1988 iliyochunguza kama ELTS inapima kweli inachodai kupima. Uchunguzi huo ni mmoja ya mambo yaliyopelekea ELTS kufumuliwa na kuwa IELTS mwaka uliofuata. Karatasi za fani nyingi zikapunguzwa zikawa tatu, na mwaka 1995 ikabaki moja kwa wote wanaokwenda chuo, awe mkunga au mhandisi. Kwa hiyo mtu aliyeandika kwamba watoto wetu hawajafika kiwango cha kuanza, ana mkono pia katika historia ya mtihani ambao wajukuu wa watoto wale wanaulipia leo. Sisemi kwa ubaya. Alikuwa mtaalamu anayefanya kazi yake, na takwimu zake za 1984 zilikuwa za ukweli kuliko hotuba nyingi za wakati ule. Ila inashangaza namna dunia hii ya mitihani ilivyo ndogo.

Mpwa wangu ni muuguzi. Alipoamua kwenda Uingereza alikuja kwangu kwa sababu ukooni mimi ndiye “mtu wa vitabu”. Baada ya shikamoo na chai akaniuliza swali ambalo bado sina jibu lake zuri.

“Mjomba, mimi Kiingereza nimekisomea tangu fomu wani. Dawa zote nimezisoma kwa Kiingereza. Faili la mgonjwa naandika kwa Kiingereza kila siku. Sasa hawa wanataka nithibitishe nini tena?”

Nikamwambia wanataka uhakika kwamba ukiambiwa miligramu 15 hutasikia 50. Akacheka.

“Hiyo sawa. Lakini mbona hapa wananiuliza habari za grafu?”

Alikuwa na haki. Karatasi ya kuandika ya IELTS ni saa moja yenye kazi mbili. Ya kwanza, kwa maneno yasiyopungua 150, ni kueleza grafu, jedwali, ramani au mchoro wa namna kitu fulani kinavyotengenezwa. Ya pili, maneno yasiyopungua 250, ni insha ya hoja. Tulikaa naye jioni nyingi. Siku ya kwanza aliandika kuhusu grafu kama muuguzi: akatazama mstari ulioshuka na kuandika kwamba hali si nzuri, inafaa sababu itafutwe. Ni jibu la mtu mwenye akili na huruma. Kwa mtihani ule ni kosa, kwa sababu hutakiwi kutafuta sababu wala kutoa maoni. Unatakiwa useme ulipanda, ulishuka, ulitulia, kwa kiasi gani, kisha ulinganishe. Ilibidi nimfundishe kutojali mstari.

Polepole akaingia kwenye ulimwengu wa madesa. Simu yake ilijaa makundi ya kujiandaa, sauti za watu wakijirekodi, insha za kuiga zenye mapengo: weka mada hapa, weka sababu mbili hapa, funga hivi. Watu wanauziana fremu za insha kama fremu za madirisha. Wasahihishaji wanajua, wanafunzwa kuzitambua na kuzikata alama. Kisha fremu mpya zinatoka. Mpwa wangu alikuwa anaongea Kiingereza kizuri tu, cha wodini, kifupi na cha wazi. Baada ya mwezi mmoja wa makundi yale akaanza kusema “in this day and age” kila alipofungua mdomo. Nikamwambia, mwanangu, hakuna mgonjwa atakayekuelewa. Akanijibu, “Mjomba, kwanza nitoboe. Kuongea kama mtu nitarudia baadaye.”

Baraza la wauguzi la Uingereza lilitaka bendi 7 kwa ujumla, na 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza. Kwenye kuandika walishusha hadi 6.5 mwishoni mwa 2018, baada ya kilio cha miaka, maana hapo ndipo wauguzi wengi walipokuwa wanaangukia. Kuna mtihani mwingine unaokubalika, OET, uliotengenezwa Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa watu wa afya. Ndani yake muuguzi anasoma taarifa za mgonjwa na kuandika barua ya kumkabidhi kwa mwenzake, na sehemu ya kuzungumza ni maigizo ya muuguzi na mgonjwa. Nilipomwonyesha mpwa wangu karatasi ya mfano, macho yalimwangaza. “Hii ndiyo kazi yangu!” Halafu tukaangalia bei. IELTS yenyewe inapita dola 200, na OET iko juu zaidi. Akarudi kwenye grafu.

Mtu aliyeongoza kazi ya kuutunga OET ni Tim McNamara, na niliposoma habari zake nilifurahi kugundua kwamba baadaye aliandika kuhusu imla ya Australia na kesi ya Kisch, akiifananisha na kisa cha Waamuzi sura ya 12, pale watu wa Efraimu walipoambiwa watamke “shibolethi” kivukoni Yordani na wakashindwa. Angalau mmoja wa watunga mitihani alijua yumo katika ukoo gani.

Oktoba 2021 ilitoka habari Kenya iliyowafanya watu wengi wacheke mitandaoni. Serikali ilikuwa imesaini makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza, na Baraza la Mawaziri likaarifiwa kwamba kati ya 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu ni 10. Utani ulikuwa mwingi, hata Watanzania tulishiriki, sisi ambao kwa kawaida ndio huchekwa na Wakenya kwa jambo hilo. Mimi namba ile ilinirudisha 1984. Walikuwa watu waliofaulu sekondari kwa Kiingereza, wakasoma uuguzi kwa Kiingereza, wakafanya kazi kwa Kiingereza. Ama shule, vyuo na hospitali zote zilidanganya kuhusu watu hao 290, ama mtihani ulikuwa unauliza kitu kingine. Nadhani kila upande ulichangia kidogo, na upande wa pili ndio usiozungumzwa. Taasisi inayoitoza nchi ada ya kuthibitisha lugha ambayo dola hilohilo liliileta na kusisitiza ibaki, ingefaa angalau iulizwe maswali mawili matatu. Wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza ina orodha ya nchi ambazo raia wake husamehewa mtihani kwa kuwa wengi huko huzungumza Kiingereza. Nilipoisoma niliikuta Jamaika, Guyana, Malta. Ya Afrika haikuwepo hata moja.

Tena kufaulu nako si kinga. Mwaka 2014 kipindi cha televisheni cha BBC kilionyesha vituo vya London ambako watu walikuwa wakilipa wafanyiwe mtihani wa TOEIC. Udanganyifu ulikuwa wa kweli. Lakini kampuni yenye mtihani ilipopitia sauti zilizorekodiwa, ilitangaza kwamba asilimia 97 ya mitihani yote iliyofanyika Uingereza ilikuwa na shaka: ama batili ama ya kutiliwa mashaka. Mitihani yote iliyofanyika ilikuwa zaidi ya 58,000. Wanafunzi kwa maelfu wakafutiwa viza. Mkaguzi mkuu wa hesabu wa Uingereza mwaka 2019 alisema kwamba huenda wamo waliotuhumiwa bila haki, na serikali haikufanya juhudi ya kutosha kuwatafuta. Wapo waliosimama mahakamani wakijitetea kwa Kiingereza fasaha, mbele ya jaji anayewasikia, dhidi ya karatasi inayosema hawakijui.

Mpwa wangu alipata 7 kwenye kusikiliza, 7.5 kusoma, 7 kuzungumza, 6 kuandika. Akarudia. Mara ya pili kuandika kukawa 6.5 na vingine vikabaki salama, tukachinja kuku. Kilichofuata ni mambo ya leseni, uhakiki wa vyeti, mahojiano yaliyoahirishwa, na wakala mmoja ambaye simu yake iliacha kupokelewa. Matokeo ya IELTS yanahesabiwa kwa miaka 2 tu. Yake yaliisha muda mwezi Machi, yeye akiwa bado zamu ya usiku hapa Dar. Juzi alinitumia ujumbe kuuliza kama yale madaftari ya grafu bado ninayo.